Samaki Niliyewekewa Mwanjelwa

Miaka ya hamsini, mgeni aliyeshuka kwenye lori mjini Mbeya na njaa yake, akauliza mahali pazuri pa kula, mara nyingi aliambiwa amtafute msaidizi wa bwana afya. Msaidizi huyo ndiye mimi. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na mitano, nina sare ya kaki, kofia ngumu, daftari, na mkoba wenye chupa ya dawa nyeusi ya chooni. Kazi yangu ilikuwa kukagua jiko la kila anayeuza chakula mjini. Kwa mtu wa tumbo kama mimi, kazi hiyo ilikuwa kama nimeombewa. Nilisoma shule ya misheni kwetu Ubena, na kwa miaka minane nilikula maharage yenye wadudu na ugali uliosongwa kwa koleo. Nilipoanza kupata mshahara niliapa kwamba sitakula tena kitu kibaya, na kiapo hicho nilikishika kuliko viapo vyote nilivyowahi kula.

Kwa hiyo niliijua Mbeya kwa pua. Asubuhi za Juni, ukungu umeufunika mlima Loleza mpaka chini na vidole havikunjiki kwa baridi, ulikwenda sokoni kwa mzee mmoja Msafwa aliyeuza supu ya makongoro. Supu yake ilinata midomoni. Ukichelewa ulikuta mifupa. Saa nne ulikwenda Uhindini kwa bajia, na ilibidi uzile pale pale umesimama, zikiwa bado zinachuruzika mafuta, kwa chatne ya ukwaju. Ukizifunga kwenye gazeti upeleke nyumbani, umekwisha kuziharibu. Chai ya maziwa yenye tangawizi ilikuwa kwa mama mmoja Mnyakyusa karibu na kituo cha malori. Ndizi zake sikuzipenda. Nilimwambia mbele ya wateja kwamba ndizi zile zinamfaa mtu anayetoka kulima, si mtu anayeshika kalamu. Watu wakacheka, naye akacheka nao kwa sababu nilikuwa na daftari mkononi.

Pilau ilikuwa mahali pamoja tu. Mwenye hoteli ile alikuwa mzee wa Kiislamu ambaye baba yake alipanda huku kutoka pwani akafia hapa hapa. Ijumaa, watu wakitoka msikitini, pilau yake ilisikika mpaka bomani. Mchele haukushikana, nyama ilikuwa na mifupa yake, na kachumbari ilikatwa nyembamba kama karatasi. Ukaguzi wangu pale ulikuwa wa kukaa. Mzee aliniita mwanangu, akanipa mfupa wenye uboho kabla sijauliza, na mimi sikuwahi kuinua gunia hata moja ghalani kwake. Panya wa pale niliwajua kwa sura.

Kulikuwa pia na hoteli ya Wazungu, kule juu kwenye miti ya mikaratusi. Mwafrika hakukaa kwenye meza zake, lakini mimi niliingia jikoni kwa cheo changu. Mpishi mkuu alikuwa mtu wa umri wa baba yangu, aliyepika huko tangu kabla ya vita. Kila mwezi nilimpanga mstari pamoja na wasaidizi wake, nikamwambia anyooshe mikono nione kucha, kisha afungue mdomo, kisha atoe ulimi. Sheria haikutaka ulimi. Niliuongeza mwenyewe. Baada ya hapo alinikatia nyama ya kuoka iliyobaki mezani kwa Wazungu, nami niliila nikiwa nimesimama nyuma ya jiko, karibu na mapipa ya taka, kwa sababu hapakuwa na mahali pengine pa mimi kulia. Nyama ilikuwa laini ajabu. Nikimaliza nilifuta mdomo nikamwandikia mpishi kosa moja dogo, ili mwezi unaofuata anikumbuke.

Nayasema haya yote ili ieleweke nilikuwa mtu wa namna gani siku nilipokwenda Mwanjelwa mara ya kwanza.

Mwanjelwa siku hizo haikuwa soko mnaloliona leo. Ilikuwa vibanda vichache kando ya barabara ya malori, na nyuma yake mashamba ya mahindi. Madereva ndio waliokuwa wakiniambia kwamba kuna mama pale anapika wali na samaki. Niliwapuuza, maana dereva akiwa na njaa husifu chochote. Halafu Jumamosi moja, sikuvaa sare, nikashuka kwa miguu.

Kibanda chake kilikuwa cha matete, sakafu ya udongo, viti vya magogo. Mama mwenyewe alikuwa Msangu wa Ubaruku, mwenye umri wa miaka kama arobaini na tano hivi, mrefu, na Kiswahili chake kilikuwa cha kujifunzia barabarani kama chetu sote. Mume wake alikaa karibu na mafiga akipepea moto kwa kipande cha bati. Alikuwa amefanya kazi kwenye mashimo ya dhahabu Makongolosi mpaka jiwe lilipomwangukia mguu, na mguu ukabaki umegeuka upande. Huko Makongolosi alikuwa amezoeana na wachuuzi wa samaki wanaotoka Rukwa, na wachuuzi hao walikuwa bado wanamletea samaki wakavu wazuri kuliko waliofika sokoni. Mchele ulitoka kwa kaka yake mama, kwao Ubaruku. Kwa hiyo kila kitu kwenye sahani ile kilikuwa na mtu wake.

"Kaa, mwanangu," mama aliniambia. "Umetoka mbali?"

"Mjini tu."

"Aa, basi una njaa ya uvivu. Hiyo ndiyo mbaya."

Akanipakulia. Samaki alikuwa amelowekwa, akakaangwa kidogo, kisha akachemshwa polepole kwenye karanga zilizotwangwa na nyanya na pilipili mbuzi moja nzima ambayo hakuipasua. Nyama yake ilikuwa imerudi kuwa laini lakini ule moshi wa kukaushwa ulikuwa bado umo ndani. Wali ulikuwa mweupe, punje zimesimama, na una harufu yake wenyewe kabla hujaumwagia mchuzi. Nilikula chote. Nilipomaliza nilijikuta nalamba kiganja kama mtoto, mume wake ananitazama anatabasamu.

Nilirudi Jumamosi iliyofuata, na nyingine, kisha nikaanza kwenda hata siku za kazi, naivua kofia na kuiacha kwa fundi baiskeli mmoja kando ya barabara kabla ya kufika. Walinijua kama karani fulani tu. Mama alinizoea. Aliniwekea ukoko, akanipa kichwa cha samaki alipojua napenda kichwa. Mume wake alinihadithia habari za mashimo, jinsi watu walivyoshuka na mshumaa na kupanda na kikohozi. Nilikaa pale mpaka kijua kinapinda. Pilau ya mzee nikaanza kuiona nzito.

Mzee aliliona hilo kabla yangu. Ijumaa moja alinikalia mezani, jambo ambalo hakuwa akilifanya.

"Mwanangu, siku hizi hukai," alisema. "Na wewe umehamia kwa yule mama wa matete?"

"Napita tu, mzee."

"Madereva wote wamehamia huko. Sisemi kwa wivu, riziki ni ya Mungu. Lakini mimi uliniambia nitie saruji chini, nikatia. Uliniambia niweke wavu kabatini, nikaweka. Yeye mwenzangu anapika juu ya vumbi. Sheria yenu inachagua?"

Niliendelea kutafuna. Nilijua anasema kweli, na nilijua pia kwamba sina nia ya kufanya lolote. Nisingekwenda kukifunga kibanda kile kwa ajili ya mzee, wala kwa ajili ya bwana mkubwa wetu Mzungu, ambaye alikuwa hajui hata kama Mwanjelwa kuna watu wanaokula. Ningekilinda miaka yote kwa ajili ya tumbo langu.

Kilichotokea ni kitu kidogo sana, na ndiyo maana nimekaa nacho muda mrefu.

Ilikuwa Jumatano. Tangu asubuhi bwana mkubwa alikuwa amenigombeza mbele ya makarani kwa sababu ya hesabu ya vyoo iliyokosewa, kosa ambalo halikuwa langu. Mchana nilishuka Mwanjelwa karibu kukimbia. Njia nzima nilikuwa namwona samaki yule. Nilipofika nikakuta malori matatu yamesimama na kibanda kimejaa. Mama alinitazama akashika kiuno.

"Ee, mwanangu, leo wamenimalizia. Huyu hapa ndiye amechukua wa mwisho."

Alimwonyesha dereva mmoja mnene, shati limefunguliwa mpaka tumboni. Dereva alikuwa ameshika kichwa cha samaki kwa vidole vyote, ananyonya jicho. Alinitazama, akalitoa jicho mdomoni, akaninyooshea.

"Karani, njoo ulambe," alisema.

Kibanda kizima kilicheka. Mume wa mama alicheka. Mama naye alicheka, akaweka mkono mdomoni, akasema, "Mwache, jamani, mwenzenu ana njaa." Ndivyo alivyosema, kwa huruma kabisa. Nilisimama pale nimevaa kaki bila kofia, nikawaona wote mdomo wazi, na nikatamani kila mmoja wao nimwambie atoe ulimi.

Niliondoka bila kuaga. Sikula siku ile.

Kesho yake nilivaa sare yote. Nilichukua watumishi wawili wa usafi, watu wazima waliozoea kuzibua mitaro, nikawaambia wabebe shoka na majembe. Tulipokaribia niliwaacha kwa fundi baiskeli, nikawaambia waje wakiona nimetoa kalamu. Kofia sikuivua.

Mama aliiona kofia, nikaona macho yake yanahama kutoka kofia kwenda mkoba. Alielewa kazi yangu, lakini hakuogopa. Naamini alifurahi, kama mtu aliyegundua kwamba mgeni wake wa siku zote ni mtu mkubwa kidogo.

"Kumbe ni wewe bwana afya," alisema. "Na unakula kwetu. Kaa, baba, kaa. Jana niliumia roho. Leo nimekuwekea."

Alikwenda pembeni akafunua chungu kidogo kilichofunikwa sahani. Ndani kulikuwa na samaki mzima, mnene kuliko wote niliowahi kuona pale, na kichwa chake. Alikuwa amempika peke yake. Akanipakulia na wali mwingi, akaninawisha mikono kwa maji ya moto, akasimama kando asije akanisumbua.

Nilikula. Wateja walikuwa sita au saba, wamepunguza sauti kwa ajili ya kofia yangu. Nilikula taratibu, nikavunja kichwa, nikanyonya kila kitu cha kunyonya, nikafuta mchuzi kwa tonge la mwisho. Ndicho chakula kizuri kuliko vyote nilivyokula maishani mwangu, na mpaka leo sijapata kingine cha kukifananisha. Nikanawa. Nikakausha mikono kwa leso. Kisha nikafungua mkoba nikatoa kalamu.

"Mama, sakafu hii ni ya nini?"

Alidhani natania. "Ya udongo, mwanangu. Si unaiona?"

"Kabati la wavu liko wapi? Maji mnachota wapi? Choo kiko wapi?"

Niliandika kila jibu. Watumishi walikuwa wameshafika. Mume wake ndiye aliyeelewa kwanza. Aliweka chini kipande cha bati akasema, "Bwana, umekula."

Sikumwangalia.

"Umekula chakula chetu sasa hivi, bwana. Mikono yako haijakauka."

"Hiki si chakula kwa mujibu wa sheria," nikamwambia, na maneno hayo nakumbuka niliyasema vizuri, kama mtu anayesoma. "Tokeni nje wote."

Wateja walitoka, wengine na sahani mkononi. Niliwaamuru waziweke chini. Kisha nikafungua chupa nikamimina dawa kwenye sufuria kubwa ya mchuzi. Ile dawa ikikutana na kitu chenye maji hugeuka nyeupe kama maziwa. Mchuzi wa karanga ulibadilika rangi mbele ya macho yetu, na harufu ya choo ikajaa kibandani. Nilimimina kwenye wali. Nilimimina kwenye kile chungu kidogo alimopikia samaki wangu, ingawa kilikuwa kitupu. Mwishowe nikaenda kwenye gunia la mchele lililosimama pembeni, mchele mkavu ambao sheria haikuuhusu hata kidogo, nikatikisa chupa mpaka tone la mwisho.

Mama alikuja akapiga magoti kwenye gunia, akawa anachota mchele kwa viganja, ananusa, anautenga mwingine kwenye kanga, anachota tena, ananusa. Mume wake alijaribu kunyanyuka aje kuvuta gunia, mguu ukamkatalia, akaanguka upande kwenye majivu. Mmoja wa watumishi wangu alitaka kumwinua. Nikamwambia kazi yake ni matete. Wakaanza kukata nguzo. Madereva walisimama barabarani wakitazama, na yule mnene alikuwemo. Mmoja aliwasha gari akaondoka, na wengine wakaona ni wakati wa kuondoka.

Nilimwachia mama karatasi yenye makosa yake yote, nane kwa idadi, nikapanda mlima kurudi mjini. Nilikuwa nimeshiba vizuri. Njia nzima nilicheua samaki yule, na kila nilipocheua nilimfurahia upya. Sitasema kwamba nilijuta siku ile. Bwana mkubwa alisoma taarifa yangu, akaniambia ndiyo kazi anayoitaka, na mwaka uliofuata jina langu likapelekwa mbele kwa cheo. Ijumaa, mzee wa pilau aliniletea mifupa miwili yenye uboho, akanishika bega.

"Umefanya haki, mwanangu."

Uboho ule ulinikaa mdomoni kama mshumaa. Baada ya wiki tatu hivi nilianza kumtafuta mama. Sikumtafuta kwa kumhurumia. Nilikuwa na hamu ya samaki. Nilimuuliza fundi baiskeli, nikamuuliza mama wa chapati wa jirani. Fundi alisema walipanda lori la kwenda Iringa. Mama wa chapati alinitazama tu, akaendelea kugeuza chapati yake mpaka ikaungua.

Nilihamishiwa Iringa baada ya mwaka na miezi, sasa na kofia mpya na ofisi yenye dirisha. Iringa nayo niliijua kwa pua wiki ya kwanza. Kuku wa kienyeji walikuwa wazuri kuliko wa Mbeya. Mboga ya maboga waliipika kwa karanga hadi ikawa kama siagi. Na msimu wa pombe ya ulanzi ukifika, watu wazima walishinda chini ya mianzi wakisubiri matone. Makarani wenzangu waliniambia kwamba kama nataka kula kweli, niende kwa mama mmoja karibu na kituo cha malori.

Nilijua kabla sijafika. Harufu ilinipokea kona mbili kabla.

Ilikuwa nyumba ya matofali mabichi, imepakwa chokaa. Niliingia bila sare. Kitu cha kwanza nilichokiona ni sakafu ya saruji. Kisha kabati la wavu. Kisha debe la maji lenye bomba na sabuni kando yake. Nilihesabu bila kutaka, nikakuta makosa yote nane yamerekebishwa. Mama alikuwa amesimama penye majiko, amekonda, kitambaa cheusi kichwani. Aliweka upawa chini akanitazama.

"Karatasi yako nilisomewa," alisema. "Kaa."

Nilikaa. Watu kama kumi walikuwa wanakula. Aliwageukia akasema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayemtambulisha shemeji: "Ndiye huyu niliyewaambia."

Vijiko na vidole vikasimama. Nikaelewa kwamba habari yangu ilikuwa imefika Iringa zamani na inaliwa pamoja na chakula kila siku. Mama akapakua sahani, wali na samaki na kichwa chake, akaileta mwenyewe, akavuta kigoda akakaa mbele yangu.

"Kula," alisema.

"Mama, mimi nilikuja..."

"Najua ulikuja kufanya nini. Kula."

Nikauliza habari za mumewe, swali ambalo nilidhani ni la adabu. "Mzee hajambo?"

"Tulimzika Makambako." Alisema hivyo huku akipangusa meza kwa kiganja. "Lori lilitushusha pale, likageuza. Tulikaa siku tano kwenye baraza ya duka, ule upepo wa Julai unaujua. Kifua kikamshika. Nilikuwa na sufuria moja tu, ile uliyomwagia. Niliisugua kwa majivu, niliisugua kwa mchanga, nikaichoma moto. Nikampikia uji humo. Akaukataa. Akasema unanuka choo. Nikapika tena, akakataa. Alikufa hajala. Kula, baba, kinapoa."

Niliangalia sahani. Nilitaka kuinuka, na miguu yangu ilikuwa mizima, hakuna aliyenishika. Machozi hayakunitoka. Kilichonitoka ni mate. Mdomo wangu ulijaa mate kwa ile harufu ya karanga na moshi, watu kumi wananitazama, na mwanamke yule amekaa mbele yangu na kitambaa chake cheusi. Nikafinyanga tonge. Chakula kilikuwa kitamu. Nilikuwa nimeomba moyoni kiwe kibaya, kiwe hata na sumu, lakini kilikuwa kitamu kama siku zote, na nilikila chote, na mama alitazama kila tonge likiingia.

"Umeshiba?" aliuliza.

"Nimeshiba."

"Basi umekula kwangu mara ya mwisho. Ukija tena, uje na kofia."

Nilikwenda na kofia. Nilijaribu kutokwenda, nikamtuma msaidizi wangu, lakini mama alimrudisha. Alimwambia kwamba hoteli yake inakaguliwa na bwana afya mwenyewe, hiyo ni haki yake, na bwana mkubwa wa Iringa, ambaye mpishi wake alikuwa akinunua samaki pale pale, alikubaliana naye. Kwa hiyo kila mwezi, kwa miaka mitatu, saa sita kamili mchana, nilisimama katika jiko lile na daftari langu. Alinitaka nikague vizuri. Alifunua sufuria ya kwanza akaniinamishia mpaka mvuke unipige usoni, akangoja. Akaifunika, akafunua ya pili. Akanifungulia gunia la mchele akaniambia nitie mkono ndani, nichote, ninuse. Nilichota, nikanusa. Wateja waliokuwepo hawakucheka hata siku moja. Walikula wakinitazama, kisha mtu mmoja husema polepole, "Samaki wa leo, mama, umemweza," na mwingine huitikia.

Niliomba kuhama mara mbili, nikakataliwa. Nilikonda. Nilikula kwingine kote Iringa, kuku wa hapa na supu ya pale, na kila kitu kilikuwa kama ugali wa misheni. Watu waliponiuliza mahali pazuri pa kula niliwapeleka kwake, nikawaacha mlangoni. Mgeni mmoja, karani kutoka Dodoma, aliniuliza kwa nini siingii. Nilimwambia nina vidonda vya tumbo.

Mara moja nilijaribu kusema. Ilikuwa mwaka wa pili, mvua imefunga barabara na hoteli haina mtu. Nilipomaliza kuandika nilifunga daftari nikamwambia, "Mama, naomba unisamehe."

Alikuwa anapembua mchele. Hakuacha.

"Hilo ni kosa la ngapi kwenye karatasi yako?" aliuliza.

Nilisimama pale mpaka mvua ilipopungua, yeye akaendelea kupembua, na hakunikaribisha wala hakunifukuza.

Hatimaye nikapata uhamisho wa kwenda Njombe. Nilikwenda kwa ukaguzi wa mwisho kama kawaida, nikanusa sufuria zote, nikatia mkono kwenye mchele. Kisha nikamwambia kwamba mwezi ujao atakuja mtu mwingine, kijana mzuri, mwenye adabu.

"Anapenda kula?" mama aliuliza.

"Sijui."

"Na wewe, cheti changu umetia sahihi?"

"Nimetia."

Alikichukua, akakitazama kwa mbali kama wasiojua kusoma wanavyotazama maandishi, akakitundika kwenye msumari ukutani. Kisha akachukua upawa akarudi kuwapakulia watu waliokuwa wanasubiri. Nilitoka kwa mlango wa mbele, nikapita kati ya meza, na samaki walikuwa ndio kwanza wametoka jikoni.